Mpiga Ramli Anapiga Nini?

Magazeti ya Kiswahili hayaishi kututajia ramli. Kocha akiulizwa matokeo ya mechi ijayo hujibu kwamba yeye si mpiga ramli. Mchambuzi wa siasa akikosea hesabu za uchaguzi huambiwa kwamba alikuwa anapiga ramli tu. Na kamanda wa polisi akizungumza na wanakijiji hakosi kuwaonya dhidi ya wapiga ramli wanaowagombanisha majirani. Neno tumelizoea kiasi kwamba hakuna anayejiuliza mtu huyo huwa anapiga nini hasa. Mpiga ngoma twaijua ngoma yake na mpiga picha twaijua kamera yake, lakini ukimwomba msomaji wa kawaida akueleze ramli ni kitu gani, atakuambia kuwa ni uganga, au ni kule kutazamia kwenyewe. Ramli ni mchanga. Katika makala haya nataka kulifuata neno hilo hadi lilikotoka, kwa sababu naona kwamba takriban kila jina tulilonalo kwa ajili ya watu wanaodai kuyaona yaliyofichika linataja chombo cha kazi yao tu, bila kusema lolote kuhusu ukweli wa wanachokiona, na kwamba tukivisahau vyombo hivyo tunaishia kuwachanganya watu ambao lugha ilikwisha kuwatenganisha.

Katika Kiarabu, raml ni mchanga huuhuu wa jangwani na wa ufukweni. Wanawake wa Afrika Mashariki wanaoitwa Ramla wamebeba mzizi huo, na jina lao ni la heshima tangu zamani, maana ndilo jina la kuzaliwa la Umm Habiba binti Abu Sufyan, mmoja wa wake wa Mtume Muhammad; hapo hapana uaguzi wa aina yoyote. Kiswahili hakikuhitaji neno la pili la mchanga, kwa hiyo kilipolipokea neno la Kiarabu kilichukua upande wake mmoja tu, yaani elimu ya kutazamia kwa alama zinazochorwa mchangani, ambayo Waarabu waliiita ilmu r-raml, elimu ya mchanga, au khattu r-raml, mistari ya mchanga. Ndiyo maana hakuna Mswahili anayejenga nyumba kwa saruji na ramli.

Kitenzi nacho kina asili yake. Mtu anaweza kudhani kwamba “kupiga” katika “kupiga ramli” ni ile tabia ya Kiswahili ya kupiga kila kitu, kuanzia pasi na mswaki hadi kura na hodi. Lakini Waarabu wenyewe husema darbu r-raml, yaani kupiga mchanga, na kwa hiyo Kiswahili kiliukuta usemi ambao tayari ulikuwa umevaa nguo inayokitosha. Tena anayeifanya kazi hii kwa mtindo wake wa kale anapiga kwelikweli: ncha ya kidole au ya kijiti huugonga mchanga mara nyingi upesi upesi, na kila pigo huacha nukta.

Kinachofuata baada ya nukta hizo ndicho watu wengi hawakijui, nacho kinastahili kuelezwa kwa utulivu. Mpiga ramli humtaka mteja aweke nia yake moyoni, kisha huanza kupiga nukta katika mstari mmoja bila kuzihesabu. Kutozihesabu ndiko msingi wa shughuli yote, kwa kuwa idadi inatakiwa itoke yenyewe, pasipo mkono wa mtu kuipangia. Mstari ukikamilika, huupitia akizitenga nukta mbilimbili mpaka ibaki moja au zibaki mbili. Tuseme mstari wa kwanza umetoka na nukta 13, wa pili nukta 8, wa tatu nukta 11 na wa nne nukta 14. Zikishatengwa mbilimbili, mstari wa kwanza hubaki na nukta moja, wa pili na mbili, wa tatu na moja, wa nne na mbili. Mabaki hayo yakipangwa kutoka juu kwenda chini, yaani moja, mbili, moja, mbili, hutoa umbo lenye jina lake: kabdhi hariji, ambalo maana yake ni mshiko wa nje, na mwenye kitabu atakuambia kwamba ni umbo la hasara, kitu kinachotoka mkononi. Ukiligeuza likawa mbili, moja, mbili, moja, linakuwa kabdhi dakhili, mshiko wa ndani, na hapo mteja huambiwa kwamba anachokitafuta kinamjia.

Kwa kuwa ngazi ni nne, na kila ngazi inaweza kuwa na nukta moja au mbili tu, maumbo yote yanayowezekana ni 16, hayazidi wala hayapungui. Umbo lenye nukta moja katika kila ngazi huitwa tariki, yaani njia, na ukilitazama linafanana kweli na njia nyembamba inayonyooka. Umbo lenye nukta mbili katika kila ngazi huitwa jamaa, mkusanyiko wa watu, nalo ni neno hilihili letu tunalolitumia tunapozungumzia ndugu na jamaa. Wazungu walipoipokea elimu hii kutoka kwa Waarabu waliyatafsiri majina hayo kwa Kilatini, tariki ikawa Via na jamaa ikawa Populus, na maana zikabaki zilezile.

Umbo moja halitoshi. Mpiga ramli aliyefunzwa hupiga mistari 16 ili apate maumbo manne ya kwanza, ambayo huitwa akina mama. Kisha huyasoma kwa upana: ngazi za juu za mama wote wanne, zikipangwa kwa zamu, hutoa binti wa kwanza, ngazi za pili hutoa binti wa pili, na kadhalika mpaka mabinti watimie wanne. Baada ya hapo maumbo hujumlishwa mawili mawili, ngazi kwa ngazi, kwa kanuni ileile ya kutenga nukta mbilimbili, yakapungua kutoka manane hadi manne, kutoka manne hadi mawili, ambayo huitwa mashahidi, na mashahidi hao wakizaana hupatikana umbo la 15, ambalo Waarabu waliliita mizani. Hapa ndipo panaponivutia zaidi kuliko ubashiri wote unaofuata. Jumla ya nukta za umbo la mizani haiwezi kamwe kuwa witiri. Ni lazima iwe shufwa. Sababu si siri wala si jini. Mabinti wametengenezwa kwa nukta zilezile za mama zao, zimepangwa upya tu, kwa hiyo nukta za mama na za mabinti zikijumlishwa pamoja huwa ni mara mbili ya idadi moja, na idadi yoyote ikizidishwa kwa mbili ni shufwa. Kuzitenga nukta mbilimbili katika hatua zinazofuata hakuibadilishi hali hiyo. Basi kati ya maumbo 16, ni manane tu yanayoweza kukaa katika nafasi ya mizani, na mpiga ramli akiona pale umbo la witiri hana haja ya kumuuliza yeyote. Anajua amekosea mahali fulani katika kujumlisha, na hurudia.

Siamini kwamba mchanga unajua kama ndoa ya mtu itadumu. Hata hivyo, naona ni haki kusema kwamba aliyeibuni kanuni hii alikuwa mtu wa hesabu, na kwamba mpangilio wake, wenye mapigo 65,536 yanayowezekana kutokana na mama wanne, ulikuwa na njia ya kujikagua ndani yake karne nyingi kabla ya mashine zetu za leo, ambazo nazo hufanya kazi kwa alama mbili tu. Kwa hiyo tunaposema “anapiga ramli” tukimaanisha anabahatisha bila hesabu yoyote, tunalitumia neno kwa maana iliyo karibu kabisa na kinyume cha ilivyokuwa.

Kuhusu chimbuko la elimu yenyewe, wapiga ramli wana masimulizi yao: huihusisha na Nabii Idrisi, wakisema kwamba Malaika Jibrili ndiye aliyemfundisha kwa kuchora mchangani. Masimulizi hayo yanajiegemeza kwenye hadithi iliyomo katika Sahihi Muslim, ambamo Mtume aliulizwa kuhusu watu wanaochora mistari, akajibu kwamba alikuwako nabii miongoni mwa manabii aliyekuwa akichora, na ambaye mstari wake utaafikiana na wa nabii huyo, basi ndivyo. Wanazuoni walio wengi waliielewa hadithi hiyo kuwa ni mlango uliofungwa, kwa kuwa hakuna mtu awezaye kujua mistari ya nabii huyo ilikuwaje, na kisichoweza kuhakikishwa hakiruhusiwi. Wapiga ramli waliisoma hadithi ileile kama cheti chao cha kazi. Ni nadra kuona maneno machache kiasi hicho yakibeba hukumu mbili zinazopingana kwa karne nyingi namna hiyo.

Nje ya masimulizi, historia inatuonesha elimu iliyoenea miongoni mwa Waarabu na Waberberi wa Afrika Kaskazini, na jina linalotajwa mno katika vitabu vyake ni la Muhammad az-Zanati, ambaye nisba yake inamhusisha na Waberberi wa Zanata. Ibn Khaldun, katika utangulizi wa historia yake alioukamilisha mwaka 1377, aliieleza ramli kwa mapana, akaiweka karibu na elimu ya nyota, akaihesabu miongoni mwa kazi zinazowapatia watu wa mijini riziki, wala hakukubali kwamba ufundi wa aina hiyo unaweza kumfungulia mtu mambo ya ghaibu. Katika British Museum jijini London kimehifadhiwa chombo cha shaba kilichotengenezwa kati ya mwaka 1241 na 1242 na fundi aliyeitwa Muhammad ibn Khutlukh al-Mawsili, chenye visahani vya kuzungusha ambavyo hutoa maumbo ya ramli bila kugusa mchanga hata punje. Karne ya 13, na tayari mchanga ulikuwa umebaki katika jina tu.

Jambo hilo limejirudia kila elimu hii ilipofika. Katika karne ya 12, huko Hispania, Hugo wa Santalla aliitafsiri kwa Kilatini na kuiita geomantia, neno lililoundwa kwa sehemu mbili za Kigiriki zenye maana ya ardhi na utabiri. Kwa hiyo mchanga wa Waarabu uligeuka kuwa ardhi kwa Wazungu. Madagaska, maumbo yaleyale 16 hupangwa kwa mbegu kavu, na jina lake ni sikidy, ambalo huhusishwa na neno la Kiarabu la umbo, shakl, ndilo hilo tunalolijua katika “shakili” ya vitabu vya kale. Kwa Wayoruba wa Nigeria uko uaguzi wa Ifa, wenye alama kuu 16 zinazojengwa kwa mstari mmoja au miwili katika ngazi nne, na alama hizo huchorwa kwenye unga uliotandazwa juu ya ubao wa duara. UNESCO iliutangaza uaguzi huo mwaka 2005 kuwa miongoni mwa urithi bora usioshikika wa binadamu. Mchanga, mbegu na unga vimebadilishana, lakini hesabu ya moja na mbili haikubadilika.

Katika pwani yetu mchanga uliwekwa juu ya ubao, na hapo ndipo lilipozaliwa jina la pili la kazi hiyohiyo: bao. Anayekwenda kutazamiwa husema amekwenda kupigiwa bao, na mtazamaji ni mpiga bao, wala neno hili halina uhusiano na bao la kete linalochezwa barazani, isipokuwa kwamba vyote viwili ni vipande vya mti. Sasa tazama jinsi majina haya mawili yalivyogawana vitabu vitakatifu. Katika Biblia ya Kiswahili inayosomwa na wengi, Kumbukumbu la Torati sura ya 18 inapoorodhesha yaliyokatazwa, wa kwanza kutajwa miongoni mwa watazamiaji ni “mtu atazamaye bao”. Kwa upande wa Qurani, Sheikh Ali Muhsin al-Barwani wa Zanzibar alipoifikia aya ya 90 ya Sura ya tano, aliandika “kupiga ramli” pale ambapo Kiarabu kimesema azlam. Azlam ni mishale, ile isiyo na manyoya ambayo Waarabu wa kabla ya Uislamu waliitikisa na kuichomoa ili kujua kama wasafiri au wasisafiri. Hakuna mchanga katika aya hiyo, kama ambavyo hakuna ubao katika Kiebrania cha Torati. Watafsiri hao hawakukosea. Walikuwa wanaandika kwa ajili ya wasomaji ambao kwao ramli na bao yalikwisha kuwa majina ya kutazamia kwa njia yoyote ile, na kama wangeandika habari za mishale, msomaji wa Pemba au wa Tanga angefikiri kwamba kilichoharamishwa ni uwindaji.

Majina mengine yanafuata kanuni ileile ya kutaja chombo. Mnajimu ni mtu wa nyota, kutokana na najm, nyota kwa Kiarabu, na falaki ni mzunguko wa sayari. Tofauti ni kwamba nyota zilimpa mnajimu hadhi ambayo mchanga haukumpa mwenzake. Marehemu Sheikh Yahya Hussein wa Dar es Salaam, aliyefariki mwaka 2011, alijulikana Afrika Mashariki nzima kwa utabiri wake wa kila mwaka mpya, na magazeti yalimwita mnajimu mashuhuri. Sidhani kama kuna mhariri ambaye angethubutu kumwandika kuwa mpiga ramli mashuhuri, ingawa wasomaji wengi wangesema kwamba kazi ni ileile. Kahini ni jina la kasisi na mtabiri wa Waarabu wa kale, na mzizi wake ndio uliotupa pia kuhani wa Biblia, anayesimama madhabahuni. Ndugu wawili wa damu, mmoja akaingia hekaluni na mwingine akabaki nje akikemewa.

Mtabiri ana safari ya kupendeza zaidi. Taabiri kwa Kiarabu ni kufasiri ndoto, kumvusha mtu kutoka kwenye alichokiona usingizini hadi kwenye maana yake. Chombo cha mtabiri, kwa asili, ni usingizi wa mtu mwingine. Leo ukisikia “utabiri” redioni, mara nyingi ni wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, wenye vipimo vya mvua, upepo na mawimbi, na hakuna anayeona ajabu kwamba neno la ndoto linatangaza hali ya bahari kwa wavuvi. Kubashiri nako kulianza kwa maana ya kuleta habari njema, bishara, maana iliyobaki katika kasida na mahubiri, lakini vijana wengi wamelifahamu neno hili kwenye mikeka ya mpira, ambako habari inayoletwa mara nyingi si njema hata kidogo. Kwa hiyo maneno haya ndugu yamegawana bahati zao kwa namna isiyotabirika: la ndoto limekwenda kwenye sayansi, la habari njema limekwenda kwenye kamari, na la mchanga limekwenda polisi.

Nimeyataja yote hayo ya Kiarabu, na msomaji anaweza kudhani kwamba kabla ya meli za Waarabu watu wa pwani hawakuwa na mtu wa kuwatazamia. Walikuwa naye, na jina lake tunalo hadi leo: mwaguzi, anayeagua. Kitenzi hiki ni cha Kibantu kabisa. Waganda husema okulagula, Wanyarwanda husema kuragura, Wakikuyu husema kũragũra, na mbali kabisa kusini Wasotho husema ho laola, wakimaanisha kutazamia kwa mifupa ya kurushwa, ambayo huiita litaola. Ukiyaweka maneno hayo kando ya “kuagua” unaona mara moja kwamba Kiswahili kimeimeza sauti ya “l” mahali pawili, mwanzoni na katikati, kama kilivyoimeza katika maneno mengi. Ile ya katikati haikupotea moja kwa moja. Nunua hutoa nunulia na mnunuzi. Vivyo hivyo agua hutoa agulia na mwaguzi. Sauti ya kale hujitokeza tena mara tu kitenzi kinaponyambuliwa.

Kilicho muhimu zaidi kuliko sauti ni kwamba kuagua hakutaji mchanga, wala nyota, wala ubao. Kunakitaja kitendo chenyewe, na kitendo hicho kina pande mbili ambazo Kiswahili hakikuzitenganisha: kuagua ni kufichua kilichojificha, na kuagua pia ni kumponya mgonjwa. Aliyeaguliwa ameambiwa chanzo cha maradhi yake, tena ametibiwa. Kwa fikra za wakati ule, hayo hayakuwa mambo mawili. Ugonjwa ulikuwa na sababu, na kuijua sababu kulikuwa ni nusu ya dawa. Ramli ilipokuja ilikuja ikiwa elimu ya kujua tu. Kitabu chake hakina mizizi wala majani, hakina mafusho wala kombe. Mwenye ramli anasoma, kisha anaweza kumwelekeza mteja kwa mganga, au akavaa kofia zote mbili yeye mwenyewe, lakini kofia ni mbili.

Nasisitiza jambo hilo kwa sababu lina uzito nje ya kamusi. Kiswahili kinawatenganisha watu watatu: mpiga ramli anayesoma, mganga anayetibu, na mchawi anayedhuru. Katika mazungumzo ya kila siku, na mara nyingi mno katika habari, wote watatu hutupwa katika kapu moja. Matokeo yake yameonekana Tanzania, hasa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, ambako wanawake wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, baadhi yao kwa sababu tu ya macho mekundu yaliyotokana na moshi wa jikoni, na ambako watu wenye ualbino wameuawa au kukatwa viungo. Katika mauaji mengi ya wazee, mnyororo huanzia kwa mtu mmoja: anayeulizwa “nani amemroga mwanangu?” na kujibu kwa kumtaja jirani. Mtu huyo hakutibu, wala hakushika panga. Alisoma tu. Ndiyo maana serikali ilipochukua hatua ilihitaji jina lake mahususi, na likapatikana: mpiga ramli chonganishi. Mwezi Januari 2015 serikali ilipiga marufuku shughuli za watu hao, na kufikia Machi mwaka huohuo polisi walikuwa wametangaza kuwakamata zaidi ya 200.

Kivumishi hicho, chonganishi, kimetengenezwa na mtu aliyeisikiliza lugha vizuri. Kuchonganisha ni kuwapandikizia watu fitina mpaka wakosane, na ukisema “ramli chonganishi” umekubali kimyakimya kwamba iko ramli isiyochonganisha, ile ya mtu anayeuliza kama asafiri Jumanne au Jumatano. Sheria ya Uchawi, ambayo chanzo chake ni amri ya kikoloni ya mwaka 1928, ilikuwa imejikita katika uchawi. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 ikaja kuwatambua na kuwasajili waganga kama watoa tiba. Katikati ya sheria hizo mbili alibaki yule anayesoma tu, ambaye si mchawi kwa maana ya kudhuru kwa mkono wake wala si mganga kwa maana ya kutibu. Waganga waliosajiliwa wamelalamika mara nyingi kwamba wanachafuliwa jina na wapiga ramli, na katika suala hili la maneno nadhani wako upande wa haki.

Jambo la ajabu ni kwamba wengi wanaokamatwa au kujitangaza kwa jina hilo hawajui ramli. Hawapigi nukta, hawawajui mama wala mabinti, na mizani kwao ni ya sokoni. Wengine hutumia kioo, wengine ungo, wengine huuliza jina la mteja na la mama yake, wakazigeuza herufi kuwa namba kwa hesabu ya abjadi, wakagawa kwa 12 ili kupata nyota, kazi ambayo kwa haki ni ya falaki. Wengine hawana chombo chochote zaidi ya sikio zuri na mjumbe aliyetangulia kumdadisi mteja penye foleni. Neno ramli limewafunika wote, kama lilivyoifunika mishale ya Waarabu wa kale katika tafsiri ya Qurani.

Na sasa linapata wapinzani. Magazeti ya burudani na ya michezo yameleta sangoma kutoka kusini, neno la Kizulu ambalo kwao ni la mtu anayetazamia, akitofautishwa na inyanga, mtu wa dawa za miti. Lilipofika kwetu tofauti hiyo ilibaki mpakani, na sangoma wa magazeti yetu ni mganga yeyote anayedaiwa kufukia kitu langoni mwa uwanja kabla ya mechi. Mitaani wako pia wanaosema kalumanzila, au “mtaalamu”, au “babu” tu, kwa sauti ya chini. Katika majina hayo mapya hakuna hata moja linalomwambia msikilizaji mtu huyo anatumia nini katika kazi yake, na nadhani hilo linawafaa sana wenye kazi.